Binti ana seli mundu, baba kapata kazi Leeds: twende au tubaki Tanga?

Swali: Shikamoo mama. Naishi Makorora, Tanga. Mume wangu ni muuguzi wa serikali, na sasa amepata kazi ya uuguzi katika hospitali moja ya Leeds, Uingereza. Tuna binti mmoja wa miaka 7, ana seli mundu, kliniki yake ni hospitali ya Bombo. Mwaka jana alilazwa mara tatu na akaongezewa damu mara moja. Tuliambiwa tumpeleke Muhimbili akapimwe mishipa ya kichwani, mpaka leo hatujaenda. Tunaishi na mama mkwe, ana presha na sukari. Wifi yangu aliye Birmingham ananishangaa nafikiri nini, kule matibabu bure. Jirani ambaye mwanawe yuko huko huko anasema mgonjwa anasubiri mpaka apone mwenyewe au afe, na mtoto wa seli mundu baridi itammaliza. Nani mkweli? Mama Rehema.

Jibu: Marahaba mwanangu. Kila mmoja ana kipande cha ukweli, ndiyo maana wanakuchanganya.

Nimekuwa muuguzi miaka 34. Nusu yake, miaka 17, niliifanya Uingereza, sehemu kubwa wodi ya watoto. Nimerudi Tanga mwaka 2019, nakaa Raskazoni, na watu wa safari kama yako hawakatiki barazani kwangu. Karibu kila mmoja huja akiwa amekwisha kupima hospitali na hospitali: Bombo na ya kule, mashine hizi na zile. Wewe usianze huko. Pima njia. Saa nane ya usiku Rehema kaamka analia miguu. Kutoka kitandani pake mpaka dawa ya maumivu iingie mwilini, nani atashtuka, nani atambeba, nani atabaki na nyumba, na mkifika huko nani atamsemea?

Njia ya Makorora unaijua. Mkweo ndiye wa kwanza kusikia kilio, kwa sababu wazee hawalali. Jirani anagongewa mlango, bajaji inaitwa, robo saa mko Bombo. Nesi wa pale akimwona mtoto ana macho ya manjano na ameshika kiganja chake, haulizi mara mbili. Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye seli mundu kila mwaka, kwa hiyo wauguzi wetu wameuona ugonjwa huu mpaka wameuzoea. Kinachokwamisha kinakuja baada ya hapo: damu ya kundi lake haipo mpaka ndugu waitwe wachangie, dawa fulani ukanunue nje, kipimo fulani ufunge safari ya Dar.

Njia ya Leeds imegeuzwa. Ukishaingia ndani, vitu vipo. Kabla ya kuingia ndani, uko peke yako. Jiulize, hizi mbili, mnaumudu upungufu wa ipi?

Kwa mwili wa mtoto, nakwambia bila kuzunguka, kule ni bora. Kila mtoto anayezaliwa England huchomwa kisigino siku ya tano na kupimwa seli mundu. Anayekutwa nayo huanza penisilini ya kila siku kabla hajatimiza miezi mitatu, anapata chanjo za ziada, na kuanzia miaka 2 hadi 16 anapimwa kila mwaka kile kipimo ulichoambiwa ukakifuate Muhimbili. Matokeo yake ni kwamba karibu watoto wote wenye ugonjwa huu kule wanafika utu uzima. Akihitaji damu, hawalinganishi kundi tu. Wanalinganisha na alama nyingine ndogo ndogo za damu, ili mwili wake usije ukaikataa damu ya watu siku za mbele. Haidroksiyurea, ile dawa ya kupunguza mashambulizi ya maumivu, atapewa bila kulipa, maana mtoto wa chini ya miaka 16 halipi dawa. Akishakuwa mtu mzima England atalipa, pauni 9.90 kwa kila dawa kwa bei ya 2025/26. Mwenye kisukari cha sindano amesamehewa, mwenye seli mundu hakusamehewa, na wagonjwa wamelilalamikia hilo miaka na miaka.

Hapo hapo nikuombe jambo. Hicho kipimo cha kichwani kisisubiri viza. Ni mawimbi ya sauti tu, mtoto analala, wanampaka majimaji pembeni ya paji la uso, hakuna sindano. Kinaangalia kasi ya damu kwenye mishipa ya ubongo. Mtoto wa aina ya SS, yaani aliyerithi seli mundu kwa baba na kwa mama, asiyepimwa wala kutibiwa ana hatari ya karibu 1 kati ya 10 ya kupata kiharusi kabla hajafika miaka 20. Akikutwa mapema, kuna matibabu yanayoishusha hatari hiyo sana. Muhimbili wana programu ya seli mundu tangu 2004, ile aliyoiongoza Profesa Julie Makani. Uzeni kuku, kopeni nauli, mpelekeni mwezi huu. Viza inaweza kuchukua miezi, au isije kabisa.

Na wifi yako akikupigia simu kuhusu tiba ya vinasaba inayosemekana kuponya kabisa, ni kweli ipo, NHS, yaani huduma ya afya ya serikali ya kule, walikubali kuilipia mwanzoni mwa 2025. Lakini ni ya kuanzia miaka 12, kwa wagonjwa wachache kwa mwaka, na masharti yake mengi. Usihame kwa ajili hiyo. Upandikizaji wa uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa watoto wa seli mundu ulishaanza hata Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, mwaka 2023.

Sasa jirani yako. Kusubiri anakokusema kupo, na mwaka 2025 orodha ya wanaosubiri matibabu ya kupangiwa England ilipita milioni 7. Magoti, mtoto wa jicho, henia, watu wanahesabu miezi. Lakini Rehema hatakuwa kwenye foleni hiyo. Leeds ni mji mkubwa, una kliniki ya watoto wenye magonjwa ya damu, na mtoto wa namna yake hupewa simu ya kupiga moja kwa moja. Foleni inayomhusu yeye ni ile ya mapokezi ya dharura usiku, na hiyo naijua kwa macho yangu.

Ilikuwa Februari, niko zamu ya usiku. Mama mmoja wa pwani hii hii alimleta mwanawe wa miaka 9. Mapokezi wakamuuliza habari. Akajibu kama alivyolelewa: nzuri, tunashukuru, mtoto anaumwa miguu kidogo. Ile "kidogo" ikaandikwa kama alivyoisema. Nilipokuwa napita kufuata faili walikuwa wamekaa saa tatu kwenye viti vya plastiki. Mtoto kakunja magoti, kang'ata mkono wa sweta mpaka umelowa, na halii. Namuuliza kwa Kiswahili, mwanangu unaumwa kiasi gani? Ananijibu, "Sijambo, bibi."

Kule kuna mwongozo tangu 2012 kwamba mgonjwa wa seli mundu aliyeingia na maumivu makali apewe dawa ndani ya nusu saa. Nusu saa! Mtoto yule alikaa saa tatu, na dawa ilikuwa kwenye kabati hatua ishirini kutoka alipokuwa. Hakuwa peke yake. Mwaka 2021 kundi la wabunge wa Uingereza wanaofuatilia ugonjwa huu lilitoa ripoti iliyoeleza wagonjwa kutoaminiwa, kucheleweshewa dawa, na kuhudumiwa na watu wasioujua ugonjwa wenyewe, na ikautaja ubaguzi wa rangi kuwa sehemu ya tatizo. Wagonjwa wa seli mundu England nzima, wa rika zote, ni kama 17,000 hivi. Sisi idadi hiyo tunaizaa kwa mwaka mmoja na nusu. Kwa hiyo usishangae ukikutana na daktari kijana ambaye ugonjwa wa mwanao ameusoma tu.

Adabu yetu ya kujibu "sijambo" mtu akiwa hoi, iache mlangoni. Rehema ana miaka 7, anafundishika. Anza leo kumfundisha kutaja maumivu kwa namba, sifuri mpaka kumi, kwa Kiswahili kwanza halafu kwa Kiingereza. Wewe kariri sentensi moja, uiseme hata kama Kiingereza chako ni cha kuombea maji: mwanangu ana seli mundu, maumivu yake ni tisa, nimempa dawa nyumbani saa fulani, naomba apewe dawa ndani ya nusu saa. Isemee dirishani, kwa sauti, ukiwa umesimama. Una haki pia ya mkalimani bila malipo, hata kwa simu. Usimfanye mtoto mgonjwa akutafsirie. Na homa ikifika nyuzi 38, usingoje kupambazuke, hiyo ni hospitali moja kwa moja.

Baridi nayo haimmalizi mtoto, ila inaweza kumwanzishia maumivu, na baridi ya ndani ya nyumba ndiyo mbaya kuliko ya nje. Nje atavaa. Familia moja ya Kitanzania niliyokuwa nikiitembelea walikaa ghorofa la chini, gesi yao ya kulipia kabla, mfano wa LUKU yetu, kadi unaijaza dukani. Januari ikifika tarehe 20 kadi haina kitu na mshahara bado. Chumba cha mtoto kilikuwa nyuma, nyuma ya kabati la nguo ukuta umeota ukungu mweusi, godoro ukiligusa lina unyevu kama kanga iliyoanuliwa mapema. Mtoto alilazwa mara nne msimu ule, na daktari wala hakuwa na kosa. Mumeo akitafuta nyumba, aulize habari ya kupasha joto kabla ya kuuliza idadi ya vyumba. Avute kabati, aangalie ukuta.

Shuleni nako andika barua mapema. Wanafunzi wa msingi hufundishwa kuogelea, na mtoto wa seli mundu anayetoka majini na kukaa na nywele mbichi akisubiri basi anarudi nyumbani na maumivu. Aruhusiwe kutoka majini mapema na akaushwe upesi, akae na chupa ya maji mezani, na aende msalani bila kuomba ruhusa kila mara, kwa kuwa figo zao hazishiki maji. Walimu wa kule wakipata maandishi hufuata. Wasipopata, hawabahatishi.

Fedha nitaipitia haraka. Muuguzi anayeanza daraja la 5 la mishahara ya NHS kwa viwango vya 2025/26 alilipwa pauni 31,049 kwa mwaka kabla ya makato, na makato ni kodi, bima ya taifa na pensheni. Nyumba itakula theluthi mpaka nusu ya kinachobaki. Viza ya wahudumu wa afya imesamehewa tozo ya afya, ambayo kwa wengine ni pauni 1,035 kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto, kila mwaka. Kwa watu watatu miaka 5 ni pauni 14,230, inalipwa kabla hujapanda ndege. Hapo mmeokoka. Lakini viza yenu itakuwa na sharti la kutogusa posho za serikali. Kuna posho ya watoto wenye maradhi ya kudumu, mama mwenzako utakayekaa naye kliniki anaipata, wewe hutaipata. Matibabu hayamo kwenye katazo hilo. Wewe mwenyewe utaruhusiwa kufanya kazi, ila shule inafungwa saa tisa na robo alasiri, mumeo yuko zamu ya urefu wa saa kumi na mbili na nusu, na Rehema hawezi kubaki kwa mama wa mlango wa pili kama hapa. Miaka ya mwanzo msiuhesabu mshahara wako.

Nimefika kwenye ile barua ya kazi. Isome upya. Kama imeandikwa muuguzi, sawa. Kama imeandikwa mtunza wazee, hata iwe na nembo nzuri namna gani, tangu tarehe 11 Machi 2024 mwenye kazi hiyo haruhusiwi kuja na familia, na tangu Julai 2025 mlango wa kuajiri watu wapya wa kazi hiyo kutoka nje umefungwa. Tena, Tanzania imo kwenye orodha ya 2023 ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, na Uingereza imejiwekea kanuni ya kutokwenda kuwavua wauguzi katika nchi hizo. Mumeo kuomba mwenyewe kwa hiari yake kunaruhusiwa. Wakala aliyewafuata Tanga kuwauzia nafasi, na akadai fedha ya kuipata, huyo mwogopeni.

Sasa mkweo. Hukuniuliza, lakini ndiye aliyenikosesha usingizi juu ya barua yako. Mumeo ni mtumishi wa serikali, maana yake ana kadi ya bima ya afya ya taifa. Kadi ile inabeba mume, mke na wategemezi wanne, na watumishi wengi huwaandika wazazi wao humo. Kama alimwandika mama yake, siku atakayoacha kazi ile kadi inakufa, na dawa za presha na sukari za mama zinakufa nayo. Watu wanapiga hesabu ya nauli na ada za mitihani, hakuna anayeipiga hii. Kabla hajaandika barua ya kuacha kazi, aulize habari ya likizo bila malipo, halafu ulizieni kama mama anaweza kuandikishwa CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, ambayo kwa mikoa kama yetu ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Ilikuwa haifiki kila mahali, lakini ilianzia zahanati mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani Bombo yenyewe. Ulizieni pia vifurushi vya hiari vya bima ya taifa.

Msijidanganye kwamba mtamvuta baadaye. Njia ya kumleta mzazi Uingereza ni nyembamba mno, inabidi mthibitishe hawezi kujihudumia na hakuna awezaye kumtunza hapa hata kwa kulipwa. Kuja kutembea ataweza, mpaka miezi sita, lakini mgeni akilazwa hulipishwa asilimia 150 ya gharama ya kawaida. Nimeona familia iliyomleta bibi kusherehekea Idi ikaishia kulipa deni la kitanda cha hospitali kwa mafungu, mwaka wa pili wanalipa. Akija, aje na bima ya safari inayotaja sukari na presha kwa majina.

Basi rai yangu ni hii. Nendeni, ila msiende wote siku moja. Mumeo atangulie. Miezi ya mwanzo ana mtihani wa vitendo wa kusajiliwa, na mara nyingi anakaa chumba kimoja cha kupanga. Mtoto wa seli mundu kwenye chumba kimoja mwezi wa Desemba, sikubaliani nalo. Wewe na Rehema fuateni Aprili au Mei, mpate kiangazi kizima cha kuzoea kabla baridi haijaingia. Kipimo cha kifua kikuu kinatakiwa kwenye viza yenu, msikiache mwisho. Ndani ya ndege anywe maji kila saa na atembezwe, dawa zake ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Wiki ya kwanza jiandikisheni kwa daktari wa familia, hata kama hakuna anayeumwa. Bila yeye hakuna rufaa ya kliniki ya damu.

Itakapofika miaka miwili mitatu mtatamani kuja likizo, mtoto ale machungwa ya Muheza. Njooni, lakini mje kwa woga. Wengi wanaougua malaria Uingereza ni watu waliokwenda kutembelea kwao Afrika. Kinga aliyoijenga Rehema kwa kuumwa na mbu wa Tanga itakuwa imepungua, na malaria kwa mtoto wa seli mundu haina mzaha. Dawa ya kinga aanze kabla ya safari na aimalize baada ya kurudi, na alale ndani ya chandarua hata kama binamu zake wanamcheka.

Kliniki ijayo Bombo, mwombe daktari barua ya Kiingereza yenye muhuri. Iandike aina ya ugonjwa, dawa zote na vipimo vyake, chanjo, tarehe alizolazwa, tarehe aliyoongezewa damu na kama mwili ulileta shida, na matokeo ya kipimo cha kichwani mkishakifanya. Msisitizie aandike kiwango cha damu cha Rehema akiwa mzima. Mtoto kama yeye anaweza kucheza rede barabarani akiwa na 7 au 8, na daktari asiyemjua akiiona namba hiyo saa nane usiku atashtuka, atamtundikia chupa ya damu asiyoihitaji. Toa nakala tatu. Moja ikae kwenye mkoba wako, moja kwenye begi la shule, na moja mwachie mkweo hapo Makorora, maana utakuja kumpigia simu siku moja umtake akusomee.